Meza Moja, Malezi Mbalimbali

Meza ya pool ni ile ile popote inapowekwa: bamba la jiwe lililosawazishwa, kitambaa kilichokazwa juu yake, kingo za mpira na mashimo sita. Kanuni za mchezo wa mipira tisa zinazofuatwa Manila ndizo zinazofuatwa Hamburg na Chicago. Hata hivyo, mtazamaji mwenye jicho lililozoea aghalabu huweza kukisia nchi ya mchezaji kabla hajatajiwa jina lake, maana mkono wake, subira yake, namna anavyojikinga akiwa mashakani, na hata uso wake baada ya kukosa, vyote hushuhudia mahali alipofunzwa. Hitilafu hii haikutokana na damu wala na hewa ya nchi. Imetokana na malezi. Wazee walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na historia ya mchezo huu, tangu majumba ya wafalme wa Ulaya hadi baa za Dar es Salaam na Kampala, ni ushahidi mrefu wa kauli hiyo.

Asili ya biliadi, jamii ya michezo ambayo pool ni mmoja wao, ni mchezo wa uwanjani, uliochezwa kwa rungu na mipira juu ya majani, ambao katika karne ya 15 uliingizwa ndani ya nyumba na kupandishwa juu ya meza. Kitambaa cha kijani kinachotandikwa hadi leo ni kumbukumbu ya majani yale. Mfalme Louis wa Kumi na Moja wa Ufaransa alikuwa na meza yake, na Malkia Mary wa Uskochi, alipokuwa kifungoni Uingereza, alilalamika mwaka 1576 kwamba meza yake ya biliadi ilikuwa imeondolewa. Kwa muda mrefu mchezo ulibaki kuwa starehe ya wenye majumba makubwa, na ustadi wake ulikuwa na mpaka, kwa kuwa vifaa vyenyewe havikuruhusu zaidi. Mwanzoni mwa karne ya 19 Mfaransa François Mingaud, askari aliyewahi kufungwa gerezani, ndiye anayetajwa kuwa alivumbua ncha ya ngozi ya fimbo, na ncha hiyo ikampa mchezaji uwezo wa kuuzungusha mpira, kuurudisha nyuma na kuupindisha njia yake; na mnamo mwaka 1826 John Thurston wa London akaanza kutumia bamba la jiwe badala ya ubao. Tangu hapo biliadi ikawa elimu, kwa sababu mambo yaliyotegemea bahati ya ubao uliopinda yalianza kutegemea maarifa ya mkono. Na elimu yoyote ikishapatikana, swali la pili ni nani ataifundisha na wapi.

Katika sura hii ya mwanzo pwani yetu ilikuwa na sehemu kubwa kuliko inavyokumbukwa. Mipira bora ya karne ya 19 ilichongwa kwa pembe za ndovu, na pembe laini za Afrika ya Mashariki zilitakiwa mno na wachongaji wa Ulaya na Marekani. Zilitoka Manyema, Ujiji na Tabora mabegani mwa wapagazi, na baadhi yao walikuwa watumwa; zikashuka Bagamoyo, zikavushwa hadi forodha ya Unguja, na kutoka Unguja zikasafirishwa Bombay, London na bandari za Marekani. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ambaye watu wengi humjua kwa jina la Tippu Tip, alijenga mali yake na mamlaka yake juu ya biashara hiyo. Pembe zilizopendelewa kwa mipira zilikuwa zile ndogo za ndovu jike, ambazo mshipa wake hupita katikati barabara, na kila pembe ilitoa mipira michache tu. Gharama ya starehe hiyo ilikuwa nzito, na walioilipa ni watu wa bara, waliopoteza ndovu wao, na wengi wao uhuru wao, kwa ajili ya mchezo ambao hawakupata hata kuonyeshwa. Uhaba na bei ya pembe ndivyo vilivyowafanya watengenezaji wa meza wa New York, Phelan na Collender, watangaze katika miaka ya 1860 zawadi ya dola 10,000 kwa mtu atakayebuni kitu cha kushika mahali pake. Na juhudi za John Wesley Hyatt katika shauri hilo zikazaa seluloidi, mojawapo ya plastiki za kwanza duniani, aliyoipatia hataza mwaka 1870.

Huyo Michael Phelan, mzaliwa wa Ireland aliyehamia Marekani, ndiye aliyeupa mchezo makao mapya. Mwaka 1850 alichapisha kitabu cha kufundishia biliadi kwa mtu asiye na mwalimu, na mwaka 1859 alimshinda John Seereiter mjini Detroit katika shindano lililowekewa dola 15,000, fedha ambayo kwa wakati ule ilitosha kubadilisha maisha ya ukoo mzima. Katika mambo hayo mawili, kitabu cha kujifunzia peke yako na mchezo wa fedha nyingi mbele ya umati, ilikuwa imekwisha kupatikana tabia ya Marekani yote itakayofuata: mchezaji ni mtu mmoja, elimu yake ni mali yake, na kipimo chake ni fedha anayothubutu kuiweka mezani. Kampuni ya John Moses Brunswick, Mswisi aliyeanza kutengeneza meza Cincinnati mwaka 1845, iliungana na wenzake hata ikawa Brunswick-Balke-Collender mwaka 1884, na meza zake zikaenea katika miji yote iliyofikiwa na reli.

Mahali pa kuchezea palikuwa na sifa mbaya tangu mwanzo. Vyumba ambavyo watu walikusanyika kuchangia dau la mbio za farasi viliwekewa meza za biliadi ili wateja wapate la kufanya baina ya mbio moja na nyingine, na hivyo mchezo ukarithi aibu ya kamari hata pale ambapo kamari haikuwapo. Wahubiri waliukemea, akina mama waliwaonya watoto wao, na majimbo mengi yalitunga sheria za kuwazuia vijana wadogo wasiingie katika vyumba hivyo. Lakini haidhuru vyumba vilikuwa na makuruhu gani, vilikuwa pia shule, na ni insafu kulisema jambo hilo. Mtoto aliyepenyezwa na mwenye chumba, au aliyezaliwa humo kwa sababu baba yake ndiye mwenye chumba, aliwaona mafundi wakicheza kila siku, akasikia mabishano yao, akajifunza kwa macho kabla ya kujifunza kwa mkono.

Willie Mosconi, aliyezaliwa Philadelphia mwaka 1913, ni mfano ulio dhahiri. Baba yake alikuwa na ukumbi wa biliadi na hakutaka mwanawe acheze, hata akamfungia mipira. Husimuliwa kwamba mtoto alitumia viazi na mpini wa ufagio, akafanya mazoezi usiku wakati wazee wamelala. Kati ya 1941 na 1957 alishinda ubingwa wa dunia mara 15 katika mchezo wa mfululizo, ule ambao mchezaji huendelea kuingiza mipira ya rundo moja baada ya jingine hadi akose. Na mwezi wa Machi 1954, mjini Springfield, Ohio, aliingiza mipira 526 bila kukosa hata mmoja. Mchezo ule wa mfululizo ulikuwa mwalimu mkali, kwa kuwa haukuwapa fahari wapigaji wa mapigo ya kushangaza bali wale wanaouweka mpira mweupe mahali pafaapo, ili pigo la pili liwe jepesi, na la tatu jepesi zaidi, mpaka mtazamaji asiyejua adhani kwamba hakuna kazi iliyofanyika. Kizazi cha Mosconi kilizaliwa na vyumba vilivyojaa watu, na vyumba vilipoanza kuwa vitupu kizazi hicho hakikupata warithi wa idadi yake.

Sababu za vyumba kuwa vitupu zilichunguzwa na mwanachuoni wa elimu ya jamii Ned Polsky, katika kitabu chake cha mwaka 1967. Alieleza kwamba ukumbi wa biliadi ulikuwa maskani ya wanaume wasiooa, na kwamba Wamarekani walipozidi kuoa, na kuoa mapema, jamii ile ya makapera iliyoutegemeza mchezo ilipungua. Ufafanuzi wake una hekima ambayo haihusu Marekani peke yake: shule isiyo na mtu anayeihesabu kuwa shule haitetewi na yeyote inapokufa. Hapakuwa na wizara, wala jumuiya ya wazazi, wala mkuu wa chuo aliyesema kwamba kufungwa kwa ukumbi wa mtaani kumewanyima vijana walimu. Sinema ya The Hustler ya mwaka 1961 ilileta uhai tena, na ile ya The Color of Money ya mwaka 1986 ikauhuisha mara ya pili, lakini zote mbili ziliipamba sura ya mlaghai wa mezani, mtu anayeficha uwezo wake ili amvute mjinga mwenye fedha. Ndugu wa ukoo wa Jansco waliwakusanya wachezaji wa namna hiyo kila mwaka katika mji mdogo wa Johnston City, Illinois, kuanzia 1961 hadi 1972, na vijana waliotaka kujifunza walikwenda huko kama watu waendao chuoni, wakalipa ada yao kwa kushindwa.

Njia hiyo ya kujifunza kwa kupoteza fedha iliwapa Wamarekani wachezaji wenye ujasiri mkubwa na mapigo makali ya kufungulia mchezo. Earl Strickland, aliyeshinda ubingwa wa kwanza wa dunia wa mipira tisa ulioandaliwa na shirikisho la kimataifa, Bergheim, Ujerumani, mwaka 1990, ni mzao wa njia hiyo. Na Shane Van Boening wa Rapid City, South Dakota, aliyezaliwa na ulemavu wa kusikia katika ukoo wenye ukumbi wa biliadi, alishinda US Open ya mipira tisa mara tano na ubingwa wa dunia mwaka 2022. Lakini njia hiyo huwachuja watu kwa mkoba wao kabla ya kuwachuja kwa kipaji, na kijana asiye na baba mwenye ukumbi wala mfadhili mwenye fedha huondoka mapema. Ligi kubwa za baa zilizoanzishwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, ambazo humpunguzia mzigo mchezaji dhaifu ili aweze kushindana na aliye hodari, zimewaingiza maelfu kwa maelfu ya watu katika furaha ya mchezo, nalo ni jambo jema. Ila furaha ya wengi na ukuzaji wa mafundi ni kazi mbili, na Marekani kwa miaka mingi iliifanya ya kwanza ikiamini kwamba ya pili itajifanya yenyewe.

Ufilipino ilipata mchezo huu kutoka kwa watawala wake. Wamarekani walipowaondoa Wahispania mwaka 1898, walikuja na desturi zao pamoja na majeshi yao, na biliadi ikakaa mitaani hata baada ya uhuru wa mwaka 1946, katika kumbi ndogo zenye meza zilizochakaa, kitambaa kilichopasuka na joto linaloinamisha mbao. Wafilipino walipenda zaidi mchezo wa kufuata namba, ambao mchezaji hulazimika kuugusa kwanza mpira wenye namba ndogo kuliko yote iliyobaki mezani, na mipira ikiwa 15 mpira huo mara nyingi huwa umejificha nyuma ya mingine. Basi mtoto wa huko hujifunza mapema elimu ambayo mwenzake wa Marekani huifikia akiwa mtu mzima: kuupeleka mpira mweupe kwenye kingo mbili au tatu ili ufike mahali ambapo njia ya moja kwa moja haipo. Umaskini wa meza ulitoa mafunzo ambayo meza nzuri zisingeyatoa.

Efren Reyes, aliyezaliwa mwaka 1954 katika jimbo la Pampanga, alipelekwa Manila akiwa mtoto kuishi na ndugu wa wazazi wake aliyekuwa na ukumbi wa biliadi. Alifanya kazi humo, alilala humo, na alipokuwa mfupi mno kuifikia meza alisimama juu ya makasha ya soda. Hakuwa na kocha wala kitabu. Alikuwa na wazee waliocheza mbele yake kutwa kucha, na wenye dau waliomchukua mjini na mashambani kumpambanisha na wengine. Mwaka 1985 alikwenda Marekani, na kwa kuwa sifa zake zilikuwa zimetangulia, aliingia katika mashindano ya Houston kwa jina la Cesar Morales, akashinda. Mwaka 1994 akawa mtu wa kwanza asiye Mmarekani kushinda US Open ya mipira tisa. Mwaka 1996, Hong Kong, alimshinda Strickland 120 kwa 117 katika pambano la siku tatu lililokuwa na zawadi ya dola 100,000. Na mwaka 1999 akatwaa ubingwa wa dunia Cardiff, Wales. Watu walimwita mchawi kwa mapigo yake, lakini uchawi huo ulikuwa ni maktaba ya maelfu ya hali aliyoyaona akiwa mtoto katika ukumbi ule, na akayahifadhi.

Jambo lililoitofautisha Ufilipino na Marekani, ingawa zote mbili zilicheza kwa dau, ni kwamba Ufilipino iliwaheshimu mabingwa wake hadharani. Reyes alipokelewa kwa taadhima ya kitaifa, tajiri Aristeo Puyat aliwadhamini wachezaji kwenda ng'ambo, na pool ikaingizwa katika michezo ya Kusini Mashariki ya Asia ambako medali yake huhesabiwa sawa na ya ndondi. Mcheza kwao hutunzwa. Na mtoto wa Pampanga aliyemwona mzee Reyes akitunzwa alipata jibu la swali ambalo mtoto wa Ohio hakujibiwa, yaani kama ustadi huu ni kitu cha kujivunia mbele ya mama yake. Ndiyo maana baada yake walifuata Francisco Bustamante, bingwa wa dunia mwaka 2010, Ronnie Alcano, bingwa wa 2006, na Carlo Biado, bingwa wa 2017, mfululizo usiokatika hata pale ambapo serikali haikutoa mengi.

Ujerumani ilifuata njia iliyo kinyume cha zote mbili. Huko mchezo haukuachiwa mwenye ukumbi wala mwenye dau, bali uliingizwa katika utaratibu wa zamani wa Wajerumani wa kufanya mambo kwa chama: watu wa mtaa huandikishana, hulipa ada, huchagua mwenyekiti na mtunza fedha, hupanga saa za mazoezi ya watoto na saa za wakubwa, na huiingiza timu yao katika ligi yenye madaraja, ambayo timu hupanda ikishinda na hushuka ikishindwa, hadi kileleni kwenye Bundesliga. Kijana wa miaka 12 anayeingia katika chama kama hicho haombi ruhusa ya kusimama karibu na mafundi. Ana haki hiyo kwa kadi yake ya uanachama. Husafiri na timu Jumamosi, hushindwa mbele ya watu wanaomtakia mema, na Jumanne hurudi mazoezini kurekebisha kosa. Kutoka katika taratibu hizo walitoka Oliver Ortmann, bingwa wa dunia wa mipira tisa mwaka 1995, Ralf Souquet aliyemfuata mwaka 1996, na Thorsten Hohmann mwaka 2003. Na walimu wa huko, miongoni mwao Ralph Eckert, walisaidia kuandaa mitihani ya ngazi kwa ngazi, ambayo mwanafunzi hupewa mapigo yale yale kila mara ili maendeleo yake yapimwe kwa alama, si kwa maneno ya wapenzi wake.

Uholanzi, nchi ndogo kuliko majimbo mengi ya Marekani, iliongeza jambo moja juu ya utaratibu huo: mwalimu wa timu. Johan Ruijsink aliwalea wachezaji wa kizazi cha Alex Lely na Niels Feijen kwa mazoezi ya pamoja, yenye hesabu za kila pigo, na mafunzo ya moyo sawasawa na mafunzo ya mkono. Na Feijen akatwaa ubingwa wa dunia mwaka 2014. Kabla ya hapo wengi waliamini kwamba mchezaji wa pool ni kiumbe wa upweke asiyefundishika akiwa mkubwa.

Upande wa mashariki, Taiwan ilionyesha sura nyingine tena. Huko Chao Fong-Pang alishinda ubingwa wa dunia mwaka 1993 na tena mwaka 2000, na mchezo ukapata nafasi kubwa katika televisheni. Wazazi wakaanza kuwatoa watoto wao mapema kwa walimu, au kuwafunza wenyewe, wakifanya mazoezi kwa saa nyingi kila siku kwa nidhamu ya chuo cha hati. Mwaka 2005, mjini Kaohsiung, Wu Jia-qing alitwaa ubingwa wa dunia wa mipira tisa akiwa na umri wa miaka 16, na mwaka huo huo akatwaa ule wa mipira minane. Mwaka 2015 Ko Pin-yi alishinda ubingwa wa mipira tisa na wa mipira kumi, na mdogo wake Ko Ping-chung akashinda ule wa mipira kumi mwaka 2019. Uchina bara nako wasichana walifunguliwa mlango ambao nchi nyingi ziliufunga: Pan Xiaoting, aliyefundishwa na baba yake, alikuwa bingwa wa dunia wa wanawake mwaka 2007, na baada yake wengine kadhaa. Malezi ya namna hii hutoa mkono ulionyooka kwa namna ya ajabu, ingawa yana gharama yake, kwa kuwa mtoto aliyeacha masomo mengine kwa ajili ya meza, kisha asifike kileleni, hubaki na ustadi usiomlisha. Nchi inayotaka kuiga matunda hayo na ihesabu pia wale walioanguka njiani.

Mizani ya kupimia malezi haya ilipatikana mwaka 1994, pale Barry Hearn na kampuni yake ya Matchroom walipoanzisha huko Romford, Uingereza, shindano la kila mwaka baina ya Marekani na Ulaya, likapewa jina la Mosconi. Wamarekani walishinda mara 10 katika mashindano 12 ya kwanza, na watu wakadhani kwamba hiyo ndiyo hali ya maumbile. Lakini vyama vya Ulaya vilikuwa vikipanda mbegu kwa subira, na Ruijsink alipokabidhiwa unahodha wa timu ya Ulaya, ushindi ukaanza kuhama. Kuanzia 2010 hadi 2017 Ulaya ilishinda miaka minane mfululizo. Wamarekani walikuwa na watu wenye vipaji visivyopungua vya wapinzani wao, ila kila mmoja wao alikuwa amelelewa kutegemea nafsi yake, na katika shindano la timu tabia hiyo iligeuka kuwa udhaifu. Hatimaye walifanya uamuzi unaostahili sifa: walimwajiri Ruijsink mwenyewe. Mwaka wa kwanza, 2017, walishindwa. Mwaka 2018, London, walishinda 11 kwa 9, na mwaka 2019, Las Vegas, wakashinda tena. Wachezaji hawakuwa wamezaliwa upya. Walikuwa wamefanya mazoezi pamoja, chini ya mtu mmoja, kwa mpango mmoja. Sijui hoja iliyo wazi kuliko hii kwa mtu anayedhani kwamba tofauti za mataifa ni za asili.

Kwetu Afrika ya Mashariki biliadi iliingia kupitia klabu za wakoloni, Nairobi, Dar es Salaam na Unguja, ambamo Mwafrika aliingia kama mtumishi wa kupanga mipira na kupangusa meza. Mjukuu wa mpagazi aliyebeba pembe aliruhusiwa kuupangusa mpira, asiruhusiwe kuupiga. Mchezo wa wananchi ulikuja baadaye, nao ulikuja kwa sura ya Kiingereza ya baani: meza ndogo ya kutumbukiza sarafu, iliyowekwa barazani au chini ya mwavuli wa bia, inayofika kila mji na kila kijiji chenye barabara. Mtu yeyote aliyesimama kando ya meza hizo Manzese, Mwanza au Kampala ameona vijana wenye jicho na mkono ambao katika nchi nyingine wangekwisha kuandikishwa. Tanzania ilipata mashindano ya taifa yaliyodhaminiwa na bia ya Safari Lager, yakakusanya vilabu vya mikoa na hata wanafunzi wa vyuo vya juu; Uganda nayo imejijengea ligi ya taifa. Hayo ni mafanikio, na walioyafanya wanastahili shukrani.

Lakini lawama za kale zilizousindikiza mchezo Marekani zimefika kwetu pia. Mwaka 2016 Rais John Magufuli aliwakemea vijana wanaocheza pool saa za kazi, na wakuu wa wilaya kadhaa wamepiga marufuku meza asubuhi. Kemeo hilo lina haki yake, maana kijana anayeshinda mezani tangu jua linapochomoza, akicheza kwa dau la chakula cha wenzake, hajengi taifa wala mchezo. Ila Marekani imekwisha kutuonyesha mwisho wa kemeo lisilofuatwa na jengo: watoto walizuiliwa vyumbani, vyumba vikafa, na hapakuwa na mahali pengine palipowapokea. Kuufunga mlango mmoja ni nusu ya kazi, na ni ile nusu iliyo rahisi.

Nusu ya pili inajulikana, kwa kuwa mataifa mengine yamekwisha kuijaribu mbele ya macho yetu. Ni kuitoa meza baani na kuiweka pia katika ukumbi wa kata, katika shule na katika kituo cha vijana, mahali ambapo mtoto wa kiume na wa kike huingia bila aibu; ni kuweka saa za mazoezi zisizogongana na masomo wala kazi; ni kuandikisha vyama vyenye ada ndogo na viongozi wanaowajibika, kwa mfano wa Wajerumani; ni kumpata mwalimu anayelipwa, kwa mfano wa Waholanzi; na ni kumtunza fundi wetu mzee hadharani, kwa mfano wa Wafilipino, ili vijana waone kwamba ustadi wa mkono na utulivu wa akili una heshima. Hakuna hata jambo moja kati ya hayo linalohitaji utajiri wa Marekani. Efren Reyes alisimama juu ya makasha ya soda. Linalohitajika ni watu wazima wakubali kwamba kijana anayejifunza kuuweka mpira mahali pake anajifunza pia kufikiri mapigo matatu mbele, kuvumilia zamu ya mwenzake, na kukiri kosa lake bila kumsingizia mtu, na kwamba mafunzo ya namna hiyo yanastahili kupewa nyumba, saa na mwalimu kama tunavyoyapa mafunzo mengine yote tunayoyathamini.